Kipimo cha kinyama cha tezi dume: kwa nini usafi wa njia ya haja kubwa unapewa uzito

Wanaume wengi wanaokwepa kupimwa tezi dume huogopa kidole cha daktari. Hatari tunayoieleza leo iko mbele kidogo, kwenye kipimo cha kinyama. Ni homa inayoweza kumshika mgonjwa akiwa amesharudi kijijini, mbali na hospitali. Kwa miaka mingi kinga yake ilikuwa vidonge vya antibayotiki. Vidonge hivyo vimepungua nguvu, na madaktari sasa wanatilia mkazo usafi.

Maambukizi yanatoka wapi?

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya sehemu ya mwisho ya utumbo. Kipimo cha damu cha PSA kikiwa juu, au daktari akigusa uvimbe mgumu, mgonjwa anaweza kuambiwa achukuliwe kinyama. Kipimo hicho ndicho kinachothibitisha kama kuna saratani.

Kwa njia iliyozoeleka, kifaa cha ultrasaundi huingizwa kwenye njia ya haja kubwa, kisha sindano hupita ukuta wa utumbo hadi kwenye tezi. Kwa kawaida huchukuliwa vipande 10 hadi 12. Maana yake sindano hupita mara 10 au zaidi mahali penye bakteria wa kinyesi. Wengi wa bakteria hao hawatudhuru wakiwa tumboni. Wakisukumwa kwenye tezi au kwenye damu huleta homa kali, na wakienea mwilini wanaweza kuua.

Dawa iliyochoka

Kinga iliyotumika sana duniani ni siprofloksasini, ambayo wengi tunaiita sipro. Ndiyo hiyohiyo watu wanayonunua duka la dawa bila cheti cha daktari, tumbo likiuma au mkojo ukiwasha. Kila inapotumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa na wale sugu hubaki wakizaana utumboni. Siku ya kipimo ikifika, sindano inaweza kuwabeba hao sugu, na kidonge kisiwaweze.

Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulisimamisha matumizi ya kundi hili la dawa kama kinga kabla ya upasuaji na kipimo hiki, kwa sababu ya madhara yake kwenye kano, misuli na neva. Madaktari wa huko walilazimika kutafuta kinga nyingine.

Kusafisha kupi kunasaidia?

Hapa tutofautishe mambo mawili. La kwanza ni kuingiziwa maji ili kinyesi kitoke. Hilo husaidia ultrasaundi kuona vizuri, lakini peke yake halijaonyesha wazi kwamba linapunguza maambukizi.

La pili ni kusafisha ndani ya njia ya haja kubwa kwa povidoni ayodini, ile dawa ya kahawia inayopakwa ngozi kabla ya upasuaji. Tafiti 8 zilizohusisha wanaume 1,786 zilipowekwa pamoja, zilionyesha kuwa maambukizi yalipungua kwa karibu nusu. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo barani Ulaya kinapendekeza njia hii, pamoja na antibayotiki iliyochaguliwa vizuri.

Ipo pia njia ya kuukwepa utumbo kabisa: sindano hupitishwa kwenye ngozi kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Maambukizi huwa machache zaidi, na chama hicho kinaipa nafasi ya kwanza. Lakini inahitaji vifaa na mafunzo ambavyo hospitali nyingi bado hazina. Kwa hospitali kama hizo, ayodini ni dawa ya bei nafuu ambayo mara nyingi tayari iko kwenye chumba cha upasuaji. Ndiyo maana tunaona hatua hii inazifaa nchi zetu.

Wewe ufanye nini?

Kabla ya kipimo, mwambie daktari kama umetumia antibayotiki miezi 6 iliyopita, umelazwa karibuni, una kisukari, una mpira wa mkojo au mkojo unauma. Taja pia dawa za kuyeyusha damu, matatizo ya tezi ya shingo, na kama ayodini hukudhuru. Kisha uliza: "Sindano itapita wapi? Nitasafishwa kwa ayodini?" Kuuliza si utovu wa adabu.

Usijisafishe kwa ayodini nyumbani wala usiinywe. Kazi hiyo hufanywa na mhudumu wa afya, dakika chache kabla ya sindano. Na usinunue sipro ili "kujikinga" mapema.

Baada ya kipimo, damu kidogo kwenye mkojo au kinyesi kwa siku chache ni kawaida. Kwenye shahawa inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Lakini ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, ukatetemeka, ukashindwa kukojoa au ukatokwa damu nyingi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Usimeze panado ukasubiri kuche. Waambie: "Nimechukuliwa kinyama cha tezi dume," na uwaonyeshe dawa ulizopewa. Kwa hiyo, kabla ya siku ya kipimo, panga kabisa nani atakupeleka na kwa usafiri gani.