Nani aliwaambia hospitali za Uingereza ni bure?

Najua nimeadimika. Wengi mmepiga simu kuulizia hali ya Mama, basi leo naeleza mara moja. Mama anaendelea vizuri, anatembea, anakula, na ameshaanza kulalamika kwamba ugali wa Birmingham hauna ladha. Kinachoumwa sasa ni mfuko wangu.

Siku ile alipata kizunguzungu akaanguka jikoni. Tukapiga 999, gari la wagonjwa likaja, akahudumiwa mapokezi ya dharura na hakuna aliyeuliza kadi wala senti. Nikasema moyoni, kumbe kweli bwana. Presha ilikuwa juu sana, wakamlaza siku tano. Wodini akamkuta nesi wa Mombasa anayempa shikamoo kila asubuhi, Mama akajiona yuko kwao. Siku ya tatu akaja dada mmoja mpole na fomu. Mgonjwa ana viza gani? Ya matembezi. Bure ikaishia hapo.

Utaratibu wa England ni hivi: mapokezi ya dharura hulipi, hata daktari wa mtaa hulipi, lakini mgeni wa matembezi akishalazwa anahesabiwa, tena mara moja na nusu ya bei ya kawaida ya NHS. Ankara ya Mama imekuja pauni 6,400 na ushee. Pigeni hesabu, ni zaidi ya milioni 20 za madafu. Mama hajui kiasi, na naomba jamani mtu yeyote asimwambie, tutarudi wodini.

Mtasema, si alikuwa na bima ya safari? Alikuwa nayo. Niliijaza mimi mwenyewe kwenye intaneti. Kuna swali: ana ugonjwa wowote wa siku nyingi? Nikampigia, akasema mimi mzima mwanangu. Vidonge vya presha anavyomeza kila asubuhi kwa miaka minane kwake siyo ugonjwa, ni vidonge tu. Na kwetu nani anahesabu presha kuwa ugonjwa? Kampuni ikaomba rekodi zake, ikaviona, ikajibu kwa barua ya aya tatu kwamba hailipi kitu. Nusu ya kosa ni langu, nakubali. Lakini pesa yetu waliipokea kwa dakika mbili, kukataa kukawachukua wiki saba, na swali lenye uzito wa milioni 20 wamelipa mstari mmoja kwenye fomu.

Kuacha kulipa haiwezekani. Deni la NHS likifika pauni 500 na likakaa miezi miwili bila makubaliano, jina linapelekwa uhamiaji, na Mama akiomba viza tena aje kuona wajukuu wanaweza kumnyima. Kwa hiyo tumekubaliana nilipe pauni 150 kila mwezi. Ni zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Na msidhani sisi wakazi tunatibiwa bure. Mwenye viza kama yangu analipa ada ya afya kabla maombi yake hayajaguswa. Ilianza Aprili 2015 ikiwa pauni 200 kwa mwaka, na Februari 2024 wakaipandisha hadi 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. (Wenye viza ya kazi za afya wamesamehewa, hongereni.) Mimi, mke wangu na watoto wawili kwa miaka mitatu ni pauni 10,866, taslimu, mara moja. Halafu kila mwezi nakatwa kodi na National Insurance sawasawa na Mwingereza ninayekaa naye meza moja. Hili silikubali hata kidogo, ni kulipishwa mara mbili kwa kitanda kimoja.

Kumdai mgeni sina ubishi. Zanzibar nao tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wanamtaka kila mgeni anunue bima yao ya dola 44 kabla ya kuingia. Kwa kweli naona wao wamefanya jambo la maana zaidi, unaambiwa mapema. Uingereza inakupa viza ya matembezi bila kukulazimisha bima yoyote, ikija kukushtua ni ankara.

Kuna mzee wetu mmoja, anajijua na namheshimu sana, aliniuliza kama anaweza kuja kwa viza ya matembezi halafu asafishwe figo huku. Shikamoo mzee. Tangu Oktoba 2017, matibabu yasiyo ya haraka mgeni analipia kabla ya kutibiwa, na figo siyo ya wiki moja. Usiuze kiwanja. Nitakupigia Jumapili tuongee vizuri.

Na anayemwandalia mzazi safari, anitumie kwanza picha ya dawa zote anazomeza, hata za kienyeji, ndipo tujaze fomu. Mama yuko hapa pembeni ananiuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia nawasalimia.