Karamu Isiyoacha Deni
Anayekopa ili awachinjie mbuzi wageni wa jioni moja hapa Isiolo hadumishi mila, anaongeza deni. Waborana wa kaunti hii wana buna: punje za kahawa hukaangwa na maganda yake kwa samli hadi zipasuke, zikatiwa maziwa, na kwa bakuli hilo dogo wazee huombea nyumba amani na mvua. Hakuna anayeondoka akidai hakukirimiwa. Wapo watakaosema mgeni asipoona nyama atamwita mwenyeji bahili, na kweli kwa mfugaji mnyama ni heshima. Lakini mnyama wa zamani alitoka zizini. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, familia nyingi zilipoteza mifugo, na mnyama wa leo hununuliwa sokoni kwa karo ya watoto. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tualikane mara nyingi kwa chai ya maziwa ya ngamia na anjera, kila jirani akileta chake, kuliko kukutana mara moja kwa mwaka kwa mkopo.