Ufa wa boti hauzibwi kwa rangi

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa sisi tunaovusha dagaa, mawese na vitenge katika Ziwa Tanganyika, hakuna ukuta wa kujenga. Ziwa hilo lina kina cha zaidi ya mita 1,400.

Inasikitisha kuona baadhi ya wenye boti za faiba wakijaza ufa kwa puti ya magari, wakipaka rangi juu yake, kisha wakipakia abiria. Puti huficha ufa tu, haibebi mzigo.

Wengi hudai fundi ni ghali. Lakini ufa mdogo waweza kuzibwa nyumbani. Anika boti ikauke kabisa. Piga msasa mpaka ufikie sehemu nzima, kingo zikiteremka taratibu, kisha futa vumbi. Changanya resini na dawa yake ya kugandisha kwa kipimo kilichoandikwa koponi, mara nyingi gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100. Bandika kitambaa cha faiba tabaka kwa tabaka, ukikandamiza hewa itoke. Fanyia kazi nje, mbali na moto, ukivaa glavu na miwani, kwani dawa hiyo yaweza kupofusha.

Ndugu yetu anayerejea nyumbani na watoto na godoro lake hawezi kuona kilicho chini ya rangi. Anamwamini mwenye boti. Hivyo viongozi wa mialo wakague matengenezo kabla rangi haijapakwa, si baada ya msiba.