Mate Katika Kinanda cha Mdomo
Askari wengi wa zamani walikipenda kinanda cha mdomo kwa kuwa kilitoshea mfukoni na kilichangamsha jioni za kambini. Hata hivyo, anayejifunza huvunjika moyo upesi aonapo mate yakijaa na sauti moja ikizimika ghafula. Wengine hudhani chombo kimeharibika, wakakitupa.

Kinanda chenye matundu 10 huwa na vijilimi 20 vya madini. Pumzi huvitikisa, ndipo sauti hutoka. Tone la mate likinata juu ya kijilimi, hakitikisiki tena. Kinywa cha mwanagenzi hukipokea chombo hicho kama chakula, ndiyo maana mate huzidi. Hali hiyo hupungua kwa mazoezi. Aidha, maji mengine yaliyomo si mate, bali ni mvuke wa pumzi uliogeuka maji ulipogusa madini baridi.

Kwa hiyo mpigaji asukutue kinywa kwanza, asile peremende wala asinywe soda kabla ya kupiga. Akipashe kinanda joto viganjani, aketi wima bila kuinamisha kichwa, na ameze mate kila apatapo nafasi. Sauti ikizimika, akigonge taratibu kiganjani, matundu yakielekea chini, kisha akiache kikauke kabla ya kukifungia kisandukuni.

Watoto nao wasipokezane kinanda kimoja midomoni, kwani mate hubeba vijidudu vya maradhi. Ikiwa nyumbani kipo kimoja tu, apige mmoja, wengine waimbe.