Tauni haingoji maabara

Mwenzangu ameandika kwamba kumpa mwanafunzi wa udaktari wa Bunia mradi wa utafiti ni anasa: maabara hakuna, umeme unakatika, vita havijaisha, ajifunze kutibu kwanza. Haya, atatibu kwa kitu gani?

Kati ya 2018 na 2020 Ebola iliua watu 2,287 mashariki mwa nchi yetu ya Kongo, Ituri ikiwemo. Dawa mbili zilizothibitika kuokoa maisha tulizijua kwa sababu wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingizwa katika jaribio lililopangwa sawasawa, katikati ya vita hivyo hivyo. Moja ya dawa hizo asili yake ni damu ya mtu aliyenusurika Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Profesa Muyembe, mmoja wa walioongoza jaribio hilo, na wenzake hawakungoja amani.

Wala mwanafunzi haombwi kugundua dawa. Ituri ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambako tauni ingali inarudi. Mpe daftari za kituo cha afya, kalamu na swali moja zuri: mgonjwa anachelewa wapi, nyumbani, kwa mganga au njiani? Umeme wa nini hapo?

Ninakubali jambo moja: kazi nyingi za utafiti za kumaliza masomo (TFC) hunakiliwa, hujalidiwa, kisha hushika vumbi. Hiyo ni dosari ya usimamizi. Inahitaji mwalimu wa kukaa na wanafunzi wachache, kukagua takwimu zao safu kwa safu, na kulipwa kwa saa hizo. Mwenzangu angedai hilo, nisingekuwa na la kumjibu.