Afunguaye na ajue kufunga

Wazazi wengi hunung'unika: «Mtoto wangu hufungua kila kitu anachokishika!» Je, mtoto huyo ni mharibifu au ni fundi? Kufungua peke yake hakutoi jibu. Tumngoje kwanza, tumwone akifunga. Leo tulipime neno hili kwa chombo kidogo cha wavuvi: kile cha kukunjia mshipi, kifungwacho juu ya ufito, chenye kofia usoni na tundu katikati ya kofia.

Chombo hiki kilianzia Marekani. Mwaka 1947 fundi wa saa wa Texas, jina lake R. D. Hull, alipeleka wazo lake kwa kampuni moja ya mji wa Tulsa, iliyokuwa ikitengeneza mabomu ya umeme ya kutumiwa katika visima vya mafuta. Zamani zile, katika vyombo vingi, bobini ilizunguka wakati wa kurusha. Ikizidi mbio, uzi ulijifunga mafundo. Hull alitaka bobini itulie, na uzi uteleze wenyewe kupita ukingoni. Yasimuliwa kwamba alipata wazo hilo dukani, akimtazama muuzaji akivuta uzi wa kufungia vifurushi. Vyombo vya kwanza vilitoka mwaka 1949, na mwaka 1954 kikaja kile kiitwacho Zebco 33, chenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba, kikapata sifa kubwa.

Basi, chombo chako kimekuwa kigumu, chakwaruza, au hakivuti uzi tena. Usikitupe. Mara nyingi hakikuvunjika: mchanga umeingia, grisi imekauka, au uzi umepenya nyuma ya bobini na kujizungusha katika mhimili.

Kwanza, kaa mezani penye mwanga, wala si mtumbwini. Tandaza kitambaa cheupe. Kila kipande ukitoacho kiweke kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia. Safu hiyo ndiyo mwalimu wako wakati wa kurudisha.

Pili, kata ndoana na chubwi. Zungusha kofia ya mbele kuelekea kushoto. Katika vyombo vingi yafunguka kwa mkono mtupu. Ndani utaona kikombe cha chuma chenye kijipini ubavuni. Hicho ndicho moyo wa kazi. Ukibonyeza kitufe, kijipini hujificha; ukiachia kitufe, uzi huwa huru kutoka. Ukizungusha mkono wa chombo, hujitokeza, hushika uzi na kuukunja juu ya bobini. Kipapase kwa ukucha. Kikiwa na mfuo, kitakata uzi wako siku ya samaki mkubwa.

Tatu, ondoa kikombe: kingine hufunguliwa kwa kuzungushwa, kingine hushikwa na nati ndogo. Kisha toa bobini, ukiangalia sana springi na visahani vya breki vilivyo karibu nayo, kwa maana hivyo ndivyo hupotea. Kitu kikikataa kutoka, usikilazimishe: tafuta skurubu uliyoisahau.

Nne, fungua kifuniko cha nyuma, uone magurudumu yenye meno. Futa grisi ya kale kwa kitambaa na brashi laini. Vifuniko vioshe kwa maji ya sabuni, uvikaushe kabisa. Paka grisi kidogo katika meno, na tone moja la mafuta katika mhimili. Kidogo, nasema! Grisi nyingi hukusanya mchanga. Visahani vya breki ulivyovikuta vikavu, viache vikavu.

Sasa rudisha: kilichotoka mwisho kitangulia kuingia. Kabla ya kufunga kofia, pitisha uzi katika tundu lake. Wengi husahau, wakalazimika kuanza upya. Mwisho jaribu: bonyeza kitufe na kukiachia, uzi utoke, zungusha mkono, usikie mlio mdogo wa kijipini kikijitokeza, uzi urudi. Kikibaki kipande juu ya kitambaa, kazi haijaisha.

Enyi wanafunzi, angalieni kwamba aliyebuni chombo hiki alikuwa fundi wa saa, na kazi ya fundi wa saa ni ile ile: kufungua kwa utaratibu na kufunga bila kusaza kitu. Nanyi wazazi, msimchape mtoto kwa kuwa amefungua. Mpeni kitambaa, mkae karibu naye, mmdai jambo moja tu: akirudishe kizima. Akifaulu, mmepata fundi nyumbani. Mkimkataza daima, atakua akitupa kila kilichokwama na kununua kingine, na mfuko wenu ndio utakaolipa.