Taka za plastiki na ajira kwa waliong'olewa makwao Tarime na Serengeti

Mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliopo Nyamongo wilayani Tarime, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Tangu wakati huo, familia nyingi za vijiji vinavyouzunguka zimeacha mashamba yao, na wachimbaji wadogo waliotangulia kufika hapo wamepoteza mashimo yao. Wapo waliolipwa fidia. Wapo ambao hadi leo wanalalamikia kiasi na utaratibu wake. Hata iliyolipwa ni fedha, na fedha huisha. Shamba lilikuwa ajira ya nyumba nzima na mahali pa makaburi ya wazee.

Wapo pia wasichana wanaokimbia ukeketaji, wakapokelewa katika kituo cha Masanga, Tarime, au katika nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti. Baadhi yao hawawezi kurudi nyumbani msimu wa tohara ukishapita, nao wanahitaji kazi ya kuwaweka mjini kwa heshima.

Je, urejelezaji wa plastiki waweza kuwa kazi hiyo? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za maji, vidumu na ndoo zilizopasuka zimebaki mitaroni na minadani. Kuokota peke yake hakulishi familia. Chupa ni nyepesi, lori hujaa hewa, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Nauli humeza bei. Faida humbakia mwenye mizani na mwenye lori, si mama aliyebeba kiroba kichwani.

Njia yenye matumaini ni kutengeneza hapa hapa bidhaa nzito inayouzwa jirani. Jijini Nairobi, Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers huchanganya plastiki iliyoyeyushwa na mchanga, wakapata matofali ya kutandaza njia na nyua. Mwaka 2020 alitunukiwa tuzo ya vijana ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Si kila plastiki inafaa, hata hivyo. Vidumu na ndoo huyeyuka kwa joto la wastani. Chupa za maji huhitaji joto kali zaidi, hivyo hutengwa. Mabomba ya maji yasiwekwe kabisa katika chungu, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Kuchoma plastiki uani si urejelezaji.

Katika Waraka wa Kitume “Laudato si'” wa mwaka 2015, Hayati Baba Mtakatifu Francisko alikemea utamaduni wa kutupa, akafundisha pia kwamba msaada wa fedha kwa maskini ni wa muda, na lengo ni wajipatie maisha ya heshima kwa kazi. Fundisho hilo halimwondolei mgodi deni. Ajira ya plastiki isihesabiwe kuwa fidia, wala faili la madai lisifungwe kwa sababu mlalamikaji amepewa glavu.

Mtaji upo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanautaka mgodi ukubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuhudumia jamii. Mashine ya kusaga plastiki yaweza kuombwa humo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vyaweza pia kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Cha msingi ni mashine na mizani viandikishwe kwa jina la kikundi.

Kinachokosekana zaidi ni mnunuzi wa kwanza. Parokia inayojiandaa kutandaza ua wake, au shule yetu yenye njia ya matope, ingeweza kuagiza matofali mia chache ya majaribio, ikayapima kwa msimu mmoja wa mvua.